Rozela, chai na kidonge cha damu: kosa nililolifanya nyumbani kwangu

Wiki hii niliahidi kuandika kuhusu viwavijeshi kwenye mahindi. Lakini tangu mvua zianze nimeulizwa swali moja mara nyingi kiasi kwamba nimeona nilitangulize: "Bwana shamba, rozela na unga wa mlonge vinaongeza damu kweli?" Wanaouliza ni akina mama wajawazito, waume zao, na zaidi ya wote ni wauzaji wanaotaka kujua waandike nini kwenye pakiti. Kwa muda mrefu nimekuwa nikijibu kwa mkato. Leo najibu kwa urefu, na itabidi nianze na jambo lisilonipa sifa.

Mwaka juzi nilikuwa nakisaidia kikundi cha akina mama hapa Butimba wanaokausha mboga na matunda. Rozela, ambayo wengine mnaiita choya, wanalima kidogo na nyingine wanaagiza Dodoma. Mlonge wanachuma kwenye miti ya nyumbani, wanakausha kivulini, wanatwanga na kuchekecha. Kazi nzuri, safi. Mimi ndiye niliyewaandikia lebo. Niliandika kwa herufi kubwa: HUONGEZA DAMU. HUONDOA SUMU MWILINI. INA ANTIOKSIDANTI NYINGI. Neno hilo la mwisho nililiokota kwenye simu. Pale Ukiriguru nilikosoma diploma tulifundishwa mbolea, wadudu na magonjwa ya mimea, hili hatukulifundishwa. Nilipenda tu jinsi linavyosikika. Mwenyekiti wa kikundi, mama wa makamo ninayemwita mayu kama tunavyowaita mama zetu huku, aliniuliza, "Mwanangu, maana yake nini?" Nikamwambia, "Ni kitu kizuri sana, mayu." Akaridhika.

Wakati huohuo mke wangu alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa pili. Alipokwenda kliniki alipimwa damu, ikasoma 9.6. Mjamzito anatakiwa awe na 11 au zaidi. Akapewa vile vidonge vya madini chuma na foliki asidi. Vilimchafua tumbo, na kila asubuhi alilalamika kichefuchefu. Mimi mtaalamu nikatoa maelekezo yangu: kidonge ameze na chai ya rangi asubuhi ili kisimchafue, mchana anywe rozela iliyokolea glasi mbili, na kwenye uji wa jioni atie vijiko viwili vya mlonge. Nikaongeza neno ambalo hadi leo nikilikumbuka najisikia vibaya: "Ukichoka na vidonge, acha. Hii ya asili inatosha."

Baada ya wiki sita damu ilisoma 9.1.

Muuguzi hakumgombeza. Alimuuliza swali moja tu: "Unameza na nini?" Mke wangu akaeleza yote, chai, rozela, mlonge, na siku ambazo hakumeza kabisa. Muuguzi akauliza, "Mumeo anafanya kazi gani?" Akajibiwa, bwana shamba. "Basi mwambie yeye ashughulike na mahindi, vidonge aniachie mimi." Mke wangu aliporudi alinirudishia maneno hayo kama yalivyo, mbele ya mama mkwe.

Usiku ule niliogopa. Mwanamke anayekwenda kujifungua akiwa na damu kidogo hana akiba ya kupoteza, na kujifungua hakukosi kumwaga damu. Nikaanza kusoma sawasawa, si kwenye matangazo ya wauzaji. Nilichokielewa ndicho nakupa hapa.

Ile rangi nyekundu ya rozela si damu na wala si chuma. Ni rangi ya mmea, ya ukoo mkubwa wa vitu vinavyoitwa flavonoidi. Ukitaka kuhakikisha, chukua glasi ya rozela utie magadi kidogo. Wekundu unaondoka palepale, inageuka kuelekea bluu au kijani cheusi. Nilipowaonyesha akina mama jaribio hili, mmoja alisema, "Kumbe tumekuwa tukinywa rangi!" Si rangi tu, ina asidi zake na faida zake, lakini hoja ya kwamba chekundu huongeza damu kwa kuwa ni chekundu iliishia pale mezani.

Flavonoidi zimo karibu kila kitu unacholima. Zimo kwenye ganda la kitunguu chekundu, kwenye majani ya mlonge, kwenye majani ya chai, kwenye maharage ya rangi. Mmea haukuzitengeneza kwa ajili yetu. Nyingine ni mwavuli wa jua kali. Nyingine ni harufu na ladha ya kumfukuza mdudu. Tanini zinazoufanya mtama mwekundu uwe mkakasi hata ndege wauache wakiwa na shamba jingine la kula, zimejengwa kwa vipande vya ukoo huohuo. Mizizi ya maharage na karanga hutoa flavonoidi kwenye udongo kuwaita bakteria wanaotengeneza vile vinundu vya naitrojeni. Kwa hiyo ukiona vinundu vyenye wekundu ndani kwenye mzizi wa karanga, ujue flavonoidi zilipeleka mwaliko.

Sasa neno antioksidanti. Jembe likiachwa nje linapata kutu kwa sababu ya hewa na maji. Hewa ileile ya oksijeni inayotupa uhai, ndani ya mwili huacha chembe korofi ambazo zimepungukiwa, na kila inachokigusa inakinyang'anya: mafuta, protini, hata mbegu ya urithi ndani ya seli. Hiyo ni kama kutu ya mwili. Flavonoidi inaweza kumpa yule korofi anachokitafuta, elektroni moja, akatulia. Hapo inaitwa antioksidanti, na hapo ndipo matangazo yote yanapoishia.

Lakini wewe uliye kwenye kikoba unajua hesabu. Aliyemlipia jirani deni naye amepungukiwa. Flavonoidi ikishatoa elektroni yake inabaki na upungufu. Ikiwa ni chache, na jirani kuna vitamini C ya kuisaidia, inarudi katika hali yake na maisha yanaendelea. Zikiwa nyingi mno mahali pamoja, na kuna chuma au shaba iliyo huru, mambo yanageuka: zinaanza kuipa oksijeni yenyewe elektroni, na kinachozaliwa ni haidrojeni peroksaidi, ile dawa inayotoa povu ikimiminwa kwenye kidonda. Chuma ikikutana na hiyo, huzaliwa chembe korofi kuliko za mwanzo. Yaani kitu kilekile kilichozuia kutu kinaweza kuichochea. Mmea ni ule ule. Kinachobadilika ni kiasi na kile ulichokichanganya nacho.

Hili si la maabara tu. Kata biringanya uliache mezani, litabadilika rangi kuwa kahawia: hizo ni jamaa za flavonoidi zimekutana na oksijeni kwa msaada wa kimeng'enya cha mmea wenyewe. Ukilikamulia ndimu, linachelewa. Menya ndizi mbichi kwa kisu cha chuma cha kawaida, uone mikono na kisu vinavyokuwa vyeusi.

Jaribio lililonigusa zaidi ni la chai. Loweka misumari yenye kutu kwenye siki usiku kucha. Asubuhi chukua glasi ya chai ya rangi, mimina humo kijiko cha ile siki. Chai inakuwa nyeusi kama wino. Na kweli zamani wino ulitengenezwa hivyo, kwa chuma na tanini za mimea. Chuma na vitu vya kwenye chai vimeshikana mkono, na vikishikana hivyo tumboni, utumbo hauwezi kuichukua ile chuma. Inapita moja kwa moja hadi chooni. Nilipoiona glasi ile nikaelewa nilichokuwa namfanyia mke wangu kila asubuhi.

Vipimo vipo. Mwaka 1999 watafiti walichapisha matokeo ya watu waliokula mkate na kunywa vinywaji mbalimbali. Chai ya rangi ilipunguza chuma iliyoingia mwilini kwa asilimia 79 hadi 94. Kutia maziwa hakukusaidia kwa kiasi cha maana, kwa hiyo wewe wa chai ya maziwa usijitetee. Rozela ina asidi zinazosaidia chuma na pia ina flavonoidi zinazoishika, zinavutana humohumo glasini. Chuma iliyomo kwenye glasi hiyo haiwezi kushindana na kidonge. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito apate miligramu 30 hadi 60 za chuma kila siku kwa vidonge, na wala hawakusema badala yake anywe juisi.

Hapa naomba nisieleweke vibaya. Sijasema chai ni sumu wala mlonge ni mbaya. Mlonge ni mboga, na ni mboga nzuri. Ule kama unavyokula mchicha, kwenye mboga ya jioni, pamoja na dagaa na ndimu. Dagaa wetu wana chuma ya aina ambayo mwili unaichukua kwa urahisi zaidi, na nyama ya samaki inasaidia hata ile ya mboga kuingia. Ndimu au chungwa linasaidia tena. Chai kunywa saa moja au mbili kabla ya chakula au baada yake. (Mizizi na magome ya mlonge mjamzito asiguse kabisa, ninachokizungumzia ni majani.)

Ninachokipinga ni kuchukua kitu cha kwenye sahani, kukikoleza mara kumi, kukitia kwenye kopo na kusema kikiwa kingi ndiyo vizuri zaidi. Dunia imeshalipa gharama ya wazo hilo. Huko Finland walichukua wanaume 29,133 wanaovuta sigara, baadhi yao wakawapa vidonge vya beta karotini, ile rangi ya chungwa iliyo kwenye viazi lishe ninavyowahimiza mpande kila msimu. Si flavonoidi, ni ukoo mwingine, lakini nayo ilisifiwa kwa jina hilohilo la antioksidanti. Walitegemea saratani ya mapafu ipungue. Matokeo yalipotoka mwaka 1994, waliomeza beta karotini walikuwa wamepata saratani hiyo kwa asilimia 18 zaidi ya wasiomeza. Marekani nako walikuwa na utafiti wa namna hiyo, wakausimamisha mwaka 1996 kabla ya muda wake kwa sababu madhara yalionekana. Kiazi cha Kabode kwenye sahani ya mtoto kinambeba macho na kinga. Rangi ileile kwenye kidonge kikubwa, ndani ya pafu la mvuta sigara, ilifanya kazi nyingine.

Kwa upande wa flavonoidi zenyewe kuna habari ya chai ya kijani. Mwaka 2018 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya iliangalia ushahidi wote ikasema kwamba chai ya kijani inayochemshwa na kunywewa kwa kawaida haina shida kwa watu wengi, lakini dondoo lake kwenye vidonge, likifikisha miligramu 800 au zaidi kwa siku za flavonoidi moja iliyomo, linaonyesha dalili za kuumiza ini. Na vidonge vya namna hiyo vinauzwa hata stendi ya Nyegezi, kwenye begi la kijana mwenye spika.

Kama bado unadhani cha mmea hakiwezi kudhuru, niambie kuhusu utupa. Wazee wa kandokando ya ziwa wanaujua vizuri: majani yanatwangwa, yanatiwa kwenye maji yaliyotulia, samaki wanaelea. Sumu iliyomo inaitwa rotenoni, na ni ya ukoo mmoja na zile flavonoidi zilizo kwenye maharage na soya. Inaziba jiko la nishati ndani ya seli. Elektroni zinakosa njia, zinavujia kwenye oksijeni, na ile kutu niliyoieleza inawaka ndani kwa ndani. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza kuvua kwa sumu, na wewe unayetumia maji ya utupa kuua wadudu wa maharage, ambayo ni matumizi halali, tafadhali usioshee bomba lako ziwani wala kwenye mfereji unaoingia bwawani. Siku hizi tuna vizimba vya sato hapa ufukweni. Jirani yako atakutafuta.

Nirudi kwa kikundi, maana hapa ndipo palikuwa pagumu. Pakiti zenye lebo yangu zilikuwa zaidi ya mia moja, zimeshafungwa. Nilikwenda Jumanne asubuhi. "Mwangaluka, mayu," nikasema, nikakaa, nikamweleza yote, pamoja na ya mke wangu. Alininyamazia muda mrefu. Kisha akasema, "Bwana shamba, watu hawanunui rozela. Wananunua damu. Ukiondoa neno damu, umeondoa mteja." Sikuwa na jibu. Alikuwa anasema ukweli wa sokoni.

Mama mwingine ndiye aliyeuvunja ukimya ule. Alisema binti yake aliyeko Misungwi ni mjamzito, na yeye mwenyewe ndiye aliyempelekea pakiti nne akimwambia aachane na vidonge. Akatoka nje kupiga simu. Tulimsikia kupitia dirishani akisema, "Hapana, vimeze. Vimeze na maji."

Tulikaa hadi mchana tukibandua lebo kwa maji ya moto.

Kwako muuzaji, ongeza na hili. Ukiandika kwamba bidhaa yako inatibu au inaongeza damu, umeitoa kwenye chakula ukaiingiza kwenye dawa. Chakula kinasimamiwa na TBS tangu mwaka 2019, dawa ni TMDA, na tiba asili ina baraza lake chini ya sheria ya mwaka 2002. Ukisema "rozela iliyokaushwa" unahitaji usafi, ukavu na tarehe. Ukisema "inatibu" unahitaji ushahidi, na mimi na wewe hatuna. Wala usibandike zile namba za nguvu za antioksidanti mnazozipakua mtandaoni. Idara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa na jedwali kubwa la namba hizo, ikaliondoa mwaka 2012 kwa sababu kinachopimwa kwenye chupa ya maabara hakionyeshi kinachotokea mwilini. Sehemu kubwa ya flavonoidi unazokula haiingii kwenye damu ikiwa nzima, bakteria wa utumbo wanaivunjavunja kwanza. Pia rozela ina asidi kali, hivyo usiichemshie wala kuilaza kwenye sufuria ya alumini. Tumia chuma cha pua, na ikipoa iweke kwenye ndoo ya plastiki ya chakula.

Mke wangu alihamishia kidonge usiku kabla ya kulala, na maji au juisi ya chungwa aliyoikamua mwenyewe. Kichefuchefu kilipungua kwa kuwa alikuwa anakilala. Chai ilisogezwa saa nne asubuhi. Dagaa na mchicha kila siku, hadi mtoto wetu wa kwanza akagoma. Wiki ya mwisho kabla ya kujifungua damu ilisoma 11.2. Mtoto ni wa kike, sasa anatembea, na juzi alimwaga glasi nzima ya rozela kwenye shuka.

Kikundi bado kipo. Mauzo yalishuka miezi miwili ya kwanza kama mayu alivyotabiri, yakapanda kidogo walipoanza kuuza juisi baridi kwenye chupa wakati wa kiangazi, ingawa hayajafika yalipokuwa. Lebo mpya aliiandika yeye mwenyewe, mimi nilisahihisha herufi tu. Inasema: Rozela iliyokaushwa Butimba. Chemsha, chuja, kunywa baridi. Usimezee vidonge vya damu.

Viwavijeshi nitaviandika Jumamosi. Kama tayari umeona matundu na unga kama wa msumeno kwenye kikonyo cha juu cha mhindi, usisubiri makala, njoo ofisini kabla ya saa mbili asubuhi sijatoka kwenda mashambani.